Bwana Hapana Apiga Kura ya Ndiyo

Jumamosi asubuhi wazamiaji walikuwa bado mtoni, na Loretta Vasek, mpelelezi wa polisi ya jimbo, alikuwa amechoka kuwatazama. Tangu jana walikuwa wakivunja barafu ya kandokando na kuzama wakitafuta maiti ya mbunge, na tangu jana walikuwa wakiibuka na matairi, chupa na baiskeli iliyoliwa na kutu. Aliyewatuma ni yeye mwenyewe. Alikuwa na sababu zake, na kwa mtu yeyote mwenye akili timamu sababu hizo zilionekana nzuri.

Mbunge aliyepotea aliitwa Orrin Stallbaumer, mfugaji wa ng'ombe kutoka magharibi ya jimbo, mzee wa karibu miaka sabini, mgonjwa wa kisukari. Miaka ishirini na miwili alikalia kiti kilekile katika Bunge la jimbo kwa tiketi ya wahafidhina, na miaka yote hiyo alikuwa mwiba hata kwa wahafidhina wenzake. Kodi mpya, alikataa. Ofisi mpya ya serikali, alikataa. Mtu akitaja kuandikisha bunduki, Orrin alisimama na kukataa mpaka Spika agonge nyundo. Lakini lililomchoma kuliko yote ni serikali kumnyang'anya mtu ardhi yake. Kila Januari alileta muswada uleule wa kulizuia jambo hilo, na kila Machi kamati iliuzika bila matanga. Hakuwahi kupewa uenyekiti wa kamati hata moja. Waandishi wa habari walimwita Bwana Hapana ili kumcheka, naye akalishonesha jina hilo kwenye kofia zake za kampeni na kushinda kwa kura nyingi zaidi.

Sasa, Alhamisi saa kumi jioni uliletwa muswada wa kuiruhusu kampuni moja ya mafuta kupitisha bomba katika mashamba ya watu, wapende wasipende. Ulipita kwa kura moja. Kwenye ubao mkubwa wa kura, ambako taa ya kijani ni ndiyo na nyekundu ni hapana, jina la Stallbaumer liliwaka kijani. Jioni hiyo hakurudi kwa mkewe, na pikapu yake haikuwapo kwenye maegesho ya wabunge, ambako kamera ilikuwa imekufa tangu vuli na hakuna aliyejali. Simu yake ilikutwa jikoni kwake inachajiwa.

Mji mzima ukapata jibu kabla polisi hawajauliza swali. Bwana Hapana alinunuliwa, akaona aibu, akajitupa mtoni. Vasek naye alilishika jibu hilo, maana usiku wa Jumatano watu walimsikia Gentry Pell, mpiga debe aliyelipwa na kampuni ya bomba kuwashawishi wabunge, akimfokea mzee hotelini mbele ya wageni. Alimhoji Pell mara mbili. Mara ya pili yule bwana akacheka kwa uchovu.

“Nimnunue Orrin? Kama angekuwa na bei, afande, ningemnunua miaka kumi iliyopita nikapumzika. Nilimfokea kwa sababu aliniambia hapana tena. Sasa ile taa ilipowaka kijani nilidhani macho yangu yameharibika.”

Pell alikuwa na mashahidi wa tangu Alhamisi asubuhi hadi usiku, watu ambao Vasek asingeweza kuwapinga. Njia hiyo ikafa. Kuhusu magharibi, kwenye ranchi ya mzee, hakuna aliyehangaika kutazama huko. Dhoruba ya theluji iliingia Alhamisi mchana, na ilipogonga saa sita mageti ya kuzuia magari barabara kuu yalishafungwa. Mtu aliyepiga kura mjini saa kumi hawezi kuwa amepita geti lililofungwa saa sita. Kwa hiyo Vasek alichora duara kuuzunguka mji, akawaambia watu watafute humo.

Ni mtu mmoja tu aliyekataa. Ardith, mke wa Orrin, alikuwa amekaa ndani ya nyumba waliyopanga karibu na Bunge, amevaa koti na viatu tangu Alhamisi usiku ili akiitwa asichelewe. Hakutaka kulala wala kula. Vasek alipokwenda kumwona asubuhi hiyo alimshika mkono kwa nguvu ambayo hakuitegemea kwa mwanamke mwembamba namna ile.

“Mnamtafuta mtu mwingine, mwanangu,” alisema. “Huyo aliyebonyeza kijani simjui. Mimi nimeishi na Orrin miaka arobaini na minne. Mume wangu hakubonyeza hicho kitufe.”

Wake wa watu waliopotea husema hivyo kila siku, na Vasek alishawasikia wengi. Alimpa pole, akatoka. Kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, akaenda kuipekua ofisi ya mzee kwa mara ya tatu.

Ofisi yenyewe ilikuwa chini kabisa ya jengo la Bunge, ukuta mmoja na mtambo wa joto, mahali wanapotupwa wabunge wasiomridhisha Spika. Twyla Oberg, katibu wake, alikuwapo ingawa ilikuwa Jumamosi. Alikuwa mama mnene mwenye macho mekundu ya kulia, na alichemsha kahawa kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Chini ya meza vilikaa viatu vyeusi vya mzee, vimeng'arishwa. Twyla akaeleza kwamba Orrin aliingia jengoni na mabuti yake ya zizini kila siku na kuyabadili hapo, maana Spika alikwisha kumtoa ukumbini mara moja kwa harufu ya samadi. Mabuti hayakuwapo. Lakini hilo Vasek alilijua tangu jana, na halikumwambia kitu: mtu akishapiga kura anaweza kubadili viatu akaenda zake.

Alifungua friji ndogo kutafuta maziwa. Nyuma ya maziwa palikuwa na kopo la bati lenye kifuniko.

“Hili la nani?”

“La Mheshimiwa. Chakula chake cha mchana. Bi Ardith humfungia kila asubuhi.”

Ndani mlikuwa na sandwichi ya nyama ya nguruwe na tufaha zima. Mkate ulikuwa umekauka pembeni.

“Cha siku gani hiki?”

“Ijumaa hakuja. Basi ni cha Alhamisi.” Twyla aliposema hivyo akaanza kulitazama lile kopo kama aliyekanyaga nyoka.

Vasek aliweka maziwa chini. Akauliza polepole kama mzee alikuwa na tabia ya kuruka chakula cha mchana. Twyla akasema haiwezekani. Kwa kisukari chake, saa sita ikipita bila kula alianza kutetemeka mikono, na Januari alianguka hapohapo mlangoni kwa sababu mkutano ulichelewa. Toka siku ile hakuna hata mwanadamu mmoja aliyethubutu kumchelewesha. Bi Ardith alimpigia Twyla simu kila siku saa sita na nusu kuhakikisha.

“Alhamisi alipiga?”

“Alipiga. Nikamwambia kopo sijaliona mezani, atakuwa amekula kule juu.” Akafunika mdomo. “Sikufungua friji, afande. Haki ya Mungu sikufungua.”

Basi saa sita mchana Orrin Stallbaumer hakuwa ndani ya jengo. Na saa kumi alikuwa amepiga kura. Vasek alisimama katikati ya kile chumba chenye joto, akauliza swali ambalo ilimpasa kuliuliza Alhamisi usiku.

“Twyla, mbunge akiwa nje, kile kitufe chake kinaweza kubonyezwa na nani?”

Twyla akashangaa kwamba anaulizwa. Kanuni zinasema kila mmoja abonyeze chake, alisema, lakini kanuni ni kanuni. Watu wanakwenda msalani, wanakwenda kuvuta sigara, wanakwenda kuonana na wapiga kura. Kila mtu humbonyezea jirani yake. Hata Spika anajua, hata watoto wa shule wanaoletwa kutazama kutoka roshanini wanajua.

“Na sisi polisi ndio hatujui,” alisema Vasek. Hasira zilimpanda, na sehemu kubwa ya hasira hizo ilikuwa juu yake mwenyewe. Siku mbili alikuwa ameuchukua ule ubao kama shahidi aliyeapa, kumbe ni taa tu.

Upande mmoja wa kiti cha Orrin palikuwa na njia ya kupita. Upande wa pili alikaa Merle Haskett, mbunge wa kaunti ya jirani, rafiki yake wa miaka kumi na minane. Walisafiri katika gari moja kila wiki, wakagawana petroli na lawama. Merle ndiye aliyewaambia polisi kwamba Orrin alikuwa kando yake hadi mwisho wa kikao, kisha akachukua kofia akatoka bila kuaga. Aliyasema hayo machozi yakimtoka, na kila mtu alimhurumia. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hupekua nguo za mtu anayelia?

Vasek alimkuta ndani ya ukumbi mtupu, ameketi mahali pake. Merle alikuwa mzee mrefu mwenye mabega yaliyoinama, mkulima wa ngano. Vasek akaenda kuketi kwenye kiti cha Orrin. Vitufe viwili vilikuwa mezani, kijani na chekundu, na kutoka alipokaa Merle hakuhitaji hata kunyoosha mkono wote.

“Nisaidie Mheshimiwa, nimechanganyikiwa kidogo,” alisema. “Alhamisi asubuhi mlikaa hapa pamoja?”

“Pamoja.”

“Na mchana?”

“Pamoja.”

“Mlikwenda kula wapi?”

Merle alisita kidogo sana. “Kantini ya chini. Supu ya maharage. Orrin anaipenda.”

“Alikula vizuri?”

“Bakuli zima, binti. Na mkate.”

Njia ya mwongo ni fupi. Vasek alitoa lile kopo la bati kwenye mfuko wa koti, akalifungua, akaliweka mezani kati yao. Merle aliitazama ile sandwichi, na uso wake ukabadilika rangi. Alilijua lile kopo. Miaka kumi na minane alikuwa ameliona kwenye dashibodi ya gari.

“Ametoka saa ngapi?” Vasek aliuliza.

“Mimi sikumfanya kitu.”

“Sikuulizi ulichomfanya. Mkewe ameketi amevaa viatu tangu juzi. Ametoka saa ngapi?”

Ikamtoka yote kwa pamoja. Saa nne asubuhi Orrin alisikia kwenye redio kwamba dhoruba inakuja mapema kuliko ilivyotabiriwa. Ilikuwa msimu wa ng'ombe kuzaa, na mitamba yake ilikuwa bado bondeni, mbali na zizi. Delmar, mpwa wake, ni kijana mzuri lakini peke yake asingeiokoa. Wabunge wafugaji hufanya hivyo kila mwaka. Ikija theluji wakati wa ndama, viti vya nyuma huwa vitupu na hakuna anayesema kitu. Orrin alivaa mabuti yake. Akamwambia Merle asimwambie Ardith, kwa sababu baada ya kuanguka kwake Januari mkewe alimkataza kuendesha peke yake. Kisha akamgonga begani.

“Alisemaje?”

Merle alijifuta pua kwa kiganja. “Alisema, ‘Nibonyezee, Merle. Unajua rangi yangu.’”

Merle akaendelea mwenyewe, sasa kwa sauti ya chini. Kiongozi wa chama alikuja kumwinamia saa kumi kasoro na kumwambia kura zimepungua moja. Watu wake Merle kule kaunti walilitaka bomba, walitaka kazi. Shule yao inakaribia kufungwa. Alibonyeza kijani kwa mkono wa kulia kwa ajili yake, na kijani kwa mkono wa kushoto kwa ajili ya Orrin. Alidhani Orrin atampigia simu kesho yake na kumtukana, watanuniana mwezi mzima, yatakwisha.

“Halafu hakufika nyumbani,” alisema Vasek.

“Ningesema ameondoka saa nne, mngejua nani amebonyeza. Muswada ungekufa na mimi ningefukuzwa. Nikasema ngoja, labda yuko ranchi, laini za simu zimekatika, atatokea tu. Kila saa nilisema ngoja. Ukishakaa kimya saa moja, binti, ya pili inakuwa ngumu zaidi kusema.”

“Na ukatuacha tukavua samaki mtoni.”

“Ndiyo.”

Vasek alishika simu. Alimpigia mkuu wa kikosi awatoe wazamiaji. Akapiga ranchi, akampata Delmar, ambaye alikuwa hajui lolote kuhusu safari hiyo na alianza kubabaika. Mjomba hakufika, alisema. Angejuaje kumngoja mtu ambaye redio inasema yuko mtoni? Vasek akamwuliza Merle, Orrin akikuta geti la barabara kuu limefungwa hupita wapi. Merle alijibu bila kufikiri: anaiacha lami kwenye maghala ya nafaka ya Brandt, anashika barabara ya changarawe ya kaunti, anakata bondeni.

“Delmar,” Vasek alisema simuni, “chukua trekta. Anza upande wako, barabara ya Brandt. Sasa hivi.”

Merle alikuwa tayari amesimama, kofia mkononi. Aliomba aende. Kila kona ya barabara ile naijua, alisema, nimeipita naye mara elfu. Vasek hakutaka kumwona karibu, lakini njia aliijua yeye, na mzee mwenye kisukari alikuwa huko nje bila chakula chake tangu Alhamisi. Akamfungulia mlango wa nyuma, anapokaa mtuhumiwa.

Walikwenda nyuma ya gari la kusukuma theluji, na gari la wagonjwa likiwafuata. Mbingu ilikuwa ya buluu na safi, maana dhoruba ilikwisha alfajiri ile, na jua liliumiza macho. Kote ni weupe, na nguzo za uzio zilionekana vichwa tu. Merle aliongea njia nzima. Alisema Orrin alikuwa na mablanketi ya ndama nyuma ya kiti. Alisema mtu akikaa ndani ya gari anaweza kuvumilia, walishawahi kulala humo wawili mwaka fulani, wakacheka hadi asubuhi. Kila baada ya maili chache aliuliza kama redio imesema kitu. Vasek alikuwa amembana dereva wa mbele kwa redio aongeze mwendo, na dereva alikuwa amemjibu kwamba theluji haisikii amri ya polisi.

Delmar aliwatangulia. Walipofika kwenye maghala waliiona trekta kwa mbali bondeni, imesimama, na yule kijana amesimama kando yake bila kofia. Vasek alijua hapohapo. Mtu aliyemkuta mjomba wake hai hasimami namna ile.

Pikapu ilikuwa imetumbukia kwenye mfereji, imezikwa hadi madirishani, lakini mlango wa upande wa dereva ulikuwa umeparuliwa theluji. Orrin Stallbaumer alikuwa nyuma ya usukani, amefungwa mablanketi ya ndama hadi kidevuni, kofia yake kichwani. Mwuguzi wa gari la wagonjwa aliingia kwa magoti, akamshika shingo, akamfungua vifungo vya shati, akaingiza mkono kwapani. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamtazama Vasek na kutikisa kichwa.

Vasek alilizunguka gari. Mafuta yalikuwa yamekwisha tangini, ufunguo bado umewashwa. Kwenye eriali ilifungwa leso ya buluu, na upepo mwepesi uliipeperusha. Aliishika. Ilikuwa kavu na laini. Siku mbili za dhoruba zilikuwa zimeivika eriali yenyewe barafu nene kama kidole, na leso ilifungwa juu ya barafu hiyo. Kutoka mlangoni hadi kwenye eriali palikuwa na nyayo za mabuti, na ndani ya nyayo hizo hamkuwa na chembe ya theluji mpya.

Delmar alimjia, akaanza kusema kabla hajaulizwa.

“Jana nilikuwa pale, ule uzio pale,” alisema, akaonyesha mkono. “Nilileta majani ya ng'ombe kwa trekta. Kulikuwa na ukungu wa theluji, sikuona mbele, lakini ningeambiwa ningekuja. Ningekuja kwa miguu. Mbona hamkuniambia?”

Vasek aliiachia ile leso. Simu yake ilikuwa ikitetemeka mfukoni, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la Ardith. Aliipokea, akageukia upande wa shamba. Alimwambia wamempata. Alimwambia hakuwa mtoni na hakupiga ile kura. Yale mengine Ardith aliyasikia mwenyewe katika ukimya uliofuata, akasema, “Nilikwambia,” kisha simu ikakatika.

Alipogeuka, Merle alikuwa ametoka kwenye gari. Hakuna aliyekumbuka kufunga mlango. Alisimama hatua chache kutoka kwenye mfereji, hakuthubutu kusogea zaidi, kofia imebanwa kifuani kwa mikono miwili.

“Alhamisi,” alisema. “Sivyo? Aligonga mfereji Alhamisi, ikaisha hapohapo. Na kisukari chake kile. Hata ningesema, asingewahi. Niambie ilikuwa Alhamisi, binti.”

Delmar alimtazama Merle, kisha akamtazama Vasek. Bado hakuwa amejua. Mwuguzi alishusha macho. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Lingekuwa neno moja, na mzee aliyelisubiri alikuwa ameanza tayari kuitikia kwa kichwa.

“Mwili bado una joto, Mheshimiwa,” alisema Vasek. “Alitoka kufunga leso theluji ilipokwisha. Amekufa leo asubuhi.”

Merle Haskett akapiga magoti kwenye theluji. Delmar alianza kumwendea ili amwinue, kama ambavyo kijana yeyote angemwinua rafiki wa mjomba wake, na Vasek ikambidi amshike mkono amzuie, amweleze ni kwa nini.